Andrew Jackson alikuwa mtu wa watu au mfalme wa kupigiwa kura? Wajuzi wa historia ya Marekani njooni hapa

MwanaUkerewe:

Wakuu habari za jioni. Kuna kitu kinanitatiza, naomba wenye uelewa wa historia ya Marekani mnifungue macho. Nimekuwa nasoma kuhusu rais wao wa 7, Andrew Jackson, yule mzee mwenye nywele zilizosimama kwenye noti ya dola 20, na kila nikisoma naona kama ni watu wawili. Kuna Jackson yatima, kazaliwa 1767 kule mpakani mwa Carolina mbili, baba kafariki kabla yeye hajazaliwa, mama kafariki yeye ana miaka 14, akahangaika mpaka akawa mwanasheria Tennessee, akaja kuwa jenerali akawachapa Waingereza New Orleans Januari 1815, halafu wakulima na mafundi wakambeba mpaka ikulu. Na kuna Jackson mwingine anayetimua mawaziri, anayezuia miswada ya bunge, anayewahamisha wenyeji wa asili kwa mtutu, mpaka wapinzani wake wakamchora kavaa taji na joho, mkononi kashika veto, yaani karatasi ya kukataa mswada wa bunge, na miguuni kakanyaga Katiba.

Swali langu hasa ni hili. Mimi nilivyofundishwa, demokrasia ikikua basi nguvu za mtawala zinapungua. Sasa mbona Marekani ya miaka ya 1820 na 1830 wapiga kura wanaongezeka na rais naye anazidi kupata nguvu, vyote kwa mpigo? Alivunja sheria au alitumia tu yaliyokuwemo kwenye Katiba? Halafu nasikia huyu mtu alikuwa hazipendi pesa za karatasi, ilikuwaje wakamuweka kwenye noti jamani.

Kasuku254:

Hiyo ya noti hata mimi hunichekesha. Walimuweka 1928 na yeye alikufa 1845, kwa hiyo hakuna aliyemuuliza. Ni kama kubandika picha ya mlokole kwenye chupa ya bia. Hayo mengine nawaachia wenye darasa, mimi niko hapa na chai yangu nasoma.

Babu Njiti:

Mkuu mtoa mada, hao sio watu wawili, ni mmoja, na ukitaka kumuelewa anzia uchaguzi wa 1824 maana hasira zote zinatoka pale.

Mwaka ule waligombea wanne. Jackson akaongoza kura za wananchi na akaongoza pia kura za wajumbe wa uchaguzi, wale wa kila jimbo ambao kura zao ndizo zinampata rais, alipata 99, John Quincy Adams 84, Crawford 41, Henry Clay 37. Lakini hakufikisha zaidi ya nusu, na Katiba yao inasema ikiwa hivyo basi Baraza la Wawakilishi linachagua kati ya watatu wa juu, kila jimbo kura moja. Clay kashika nafasi ya nne kwa hiyo katoka, ila yeye ndiye alikuwa Spika wa hilo hilo Baraza! Akawasukuma watu wake kwa Adams. Kentucky, jimbo la Clay mwenyewe, bunge lao la jimbo liliwaelekeza wawakilishi wampe Jackson na wao wakampa Adams. Februari 1825 Adams akapita na majimbo 13 kati ya 24, siku chache baadaye akamteua Clay kuwa Waziri wa Mambo ya Nje, cheo ambacho zama zile kilikuwa ndio ngazi ya kupandia urais. Unadhani watu wa Tennessee na Pennsylvania walilichukuliaje hilo? Jackson akarudi nyumbani na kauli moja tu, kwamba wananchi wameibiwa, na akaisema kauli hiyo miaka minne mfululizo. Kama walikubaliana kweli vyumbani au hawakukubaliana, kisiasa haikuwa na umuhimu tena, picha ilishaonekana.

Sasa wakati huo huo sheria za kura zilikuwa zinabadilika, na hapa wengi wanampa Jackson sifa isiyo yake. Majimbo mapya ya magharibi kama Indiana na Illinois yalikuwa yanawaruhusu wanaume weupe kupiga kura hata kama hawana shamba wala nyumba, New York wakafuata na katiba yao ya 1821. Pia mwaka 1824 kulikuwa bado na majimbo 6 ambako wajumbe wa uchaguzi wanateuliwa na wabunge wa jimbo, mwananchi hana lake, ila 1828 yamebaki mawili tu, Delaware na South Carolina. Kwa hiyo yeye alilikuta jahazi liko majini tayari. Alichofanya yeye na wapambe wake, hasa Martin Van Buren wa New York, ni kujenga chama cha kuwafikia hao watu wapya, na magazeti, kamati mpaka vijijini, mikutano ya nje, karamu za nyama choma. Kura zilizopigwa zikatoka kama laki tatu na nusu mwaka 1824 mpaka zaidi ya milioni 1.1 mwaka 1828. Kura za wajumbe, Jackson 178, Adams 83.

Na siku ya kuapishwa, Machi 4, 1829, umati ukamfuata mpaka ndani ya ikulu, watu wakapanda juu ya viti vya hariri na viatu vya matope, vyombo vikavunjwa, rais mwenyewe ikabidi atolewe asije akabanwa ukutani, mwisho wahudumu wakahamishia mapipa ya pombe bustanini ndio umati ukatoka. Wenye nyumba zao nzuri Washington waliona dunia imefika mwisho. Mimi kusema kweli nikisoma ile siku nafurahi.

MwanaUkerewe:

Aisee shukrani Babu. Kwa hiyo kumbe kura zilitangulia yeye akaja juu yake. Sasa hizo nguvu alizipataje? Maana Katiba haikubadilishwa.

Mama_Shule:

Ngoja nikujibu hilo mdogo wangu maana ndio utamu wenyewe ulipo, na Babu kaishia kwenye sherehe.

Katiba haikubadilika hata nukta. Kilichobadilika ni namna rais anavyojieleza yeye ni nani. Marais sita waliomtangulia kwa ujumla wao walipiga veto miswada 10, na mara nyingi hoja ilikuwa mswada unakiuka Katiba. Jackson peke yake alipiga 12. Na hakusema tu huu haufuati Katiba, alikuwa anasema huu ni mbaya kwa nchi, siutaki. Ukifikiria vizuri hapo rais kaingia jikoni mwa bunge, maana sasa kabla hawajatunga sheria inabidi kwanza wajiulize mzee atasemaje.

Kubwa kuliko zote ni ile ya Benki. Kulikuwa na Benki ya Pili ya Marekani, makao yake Philadelphia, ilipewa kibali 1816 cha miaka 20, mtaji dola milioni 35, serikali ina hisa moja ya tano tu na zilizobaki ni za matajiri, wengine wako Uingereza. Hii benki ndio ilikuwa inatunza fedha zote za serikali, na ikitaka inaweza kuzibana benki ndogo za majimbo. Mkuu wake Nicholas Biddle, mtu msomi sana, mwandishi, na kiburi chake kilikuwa sio cha dunia hii. Kibali kilikuwa kinaisha 1836, ila Clay akamshawishi Biddle aombe mapema, 1832, mwaka wa uchaguzi, hesabu yao ni kwamba Jackson akikubali wameshinda na akikataa atapoteza kura za Pennsylvania. Mswada ukapita Seneti na Baraza. Jackson alikuwa mgonjwa kitandani, Van Buren alimkuta kadhoofika, akamwambia hii benki inataka kuniua ila mimi ndio nitaiua.

Julai 10, 1832 akapiga veto na waraka mrefu unaosema matajiri na wenye nguvu wanazikunja sheria za nchi kwa faida yao, na kwamba serikali ikiwapendelea hao basi wakulima, mafundi na vibarua wana haki ya kulalamika. Angalia huo waraka uliandikwa kwa ajili ya nani! Kikatiba unapelekwa bungeni, lakini lugha yake ni ya mtu wa shambani. Biddle alivyousoma akaona ni upuuzi wa kichochezi, akachapisha nakala 30,000 agawe nchi nzima, aliamini watu wakiusoma watamkimbia Jackson. Hahaha. Novemba Jackson 219, Clay 49.

Sasa hapo wengine wangesema basi, benki itakufa yenyewe 1836. Yeye hakutaka kusubiri, akasema kura za wananchi zimenipa ruhusa ya kuondoa fedha za serikali mle sasa hivi. Tatizo likawa sheria ya 1816 yenyewe. Ilisema mwenye mamlaka ya kuondoa hizo amana ni Waziri wa Fedha, na akiziondoa anatoa sababu kwa bunge, yaani rais hata hajatajwa pale. Waziri wa Fedha aliyekuwepo, McLane, alikuwa hataki, akahamishiwa Mambo ya Nje. Akaletwa William Duane wa Philadelphia. Huyu naye hakuipenda Benki lakini akasema mimi sheria imenipa kazi hii mimi, na sioni sababu ya kufanya hivyo kabla bunge halijakutana. Wakaandikiana barua majira yote ya kiangazi. Duane akagoma kusaini na akagoma pia kujiuzulu. Septemba 1833 akafukuzwa, akawekwa Roger Taney ambaye hata Seneti haikuwa imemthibitisha, na yeye akasaini. Fedha zikaanza kupelekwa kwenye benki za majimbo, nyingi zikiwa za watu wa chama.

Kwa hiyo swali lako la kuvunja sheria jibu lake ni gumu hapo. Kumfukuza waziri ana haki. Kuondoa amana waziri ana haki. Ukiziunganisha hizo mbili unapata rais anayeweza kufanya kitu ambacho sheria ilimpa mtu mwingine kwa makusudi. Seneti ikamlaani rasmi Machi 1834 kwa kura 26 kwa 20, akajibu kwamba yeye ndiye mwakilishi wa moja kwa moja wa wananchi wa Marekani, akimaanisha maseneta wao wanachaguliwa na mabunge ya majimbo, wana ubavu gani. Hilo ndilo jibu la swali lako la kwanza. Kura zikiwa nyingi na zote zinamlenga mtu mmoja, yule mtu anasimama mbele ya bunge anasema mimi nimetumwa na wote, nyie kila mmoja katumwa na kijiji chake.

Na wapambe wake hawakusahau ile laana. Walipopata wingi Seneti, Januari 1837, wakapitisha ifutwe, karani akaletewa daftari la kumbukumbu za kikao ukumbini, akachora mistari myeusi kuizunguka ile aya na kuandika katikati kwamba imefutwa kwa amri ya Seneti. Wapinzani wengine walitoka nje wasione.

Chumvini:

Nimesoma yote hapo juu na naona mnashangilia mno. Wananchi wananchi wananchi, wananchi gani? Hebu tusemane ukweli.

Ile katiba ya New York ya 1821 ambayo Babu Njiti kaisifia, iliwaondolea wazungu sharti la mali halafu ikawabakishia watu weusi huru, lazima uwe na mali ya dola 250 ndio upige kura. Tennessee, kwao Jackson, waliwanyang'anya weusi huru kura 1834, North Carolina 1835, Pennsylvania 1838. New Jersey wanawake wenye mali walikuwa wanapiga kura zamani, wakafutwa 1807. Yaani mlango ulivyopanuliwa upande mmoja ulipigwa misumari upande mwingine, na waliofanya hivyo ni watu wale wale, mara nyingine kwenye kikao kile kile. Jackson mwenyewe ana shamba la pamba, Hermitage, karibu na Nashville, na watumwa mle walipita mia. Na 1835 wapinga utumwa wa kaskazini walipotuma vijarida vyao kwa posta kwenda kusini, Charleston wakavitoa posta wakavichoma, rais huyu mtetezi wa wanyonge akaliomba bunge sheria ya kuzuia vijarida visipite kusini.

Halafu mmepita kimya kwenye Wacherokee, moja ya mataifa ya wenyeji wa asili waliohamishwa. Hawa hawakuwa watu wa kukurupuka, walikuwa na herufi zao alizozibuni Sequoyah, katiba yao wameandika 1827, gazeti lao limeanza kutoka 1828 pale New Echota, Georgia, kwa Kicherokee na Kiingereza. Dhahabu ikaonekana kwenye ardhi yao, Georgia wakaanza kuigawa kwa bahati nasibu, ndio bahati nasibu kabisa, unachukua tiketi unapata shamba la mtu. Jackson akapeleka bungeni sheria ya kuwahamisha, 1830, Baraza la Wawakilishi ikapita kwa kura 102 kwa 97. Angalieni hiyo tofauti ya kura, msiseme zama zile ndivyo watu wote walivyokuwa. Hata Davy Crockett, mbunge wa Tennessee huko huko kwao Jackson, aliikataa.

Mwisho kukapatikana mkataba wa New Echota, Desemba 1835, uliosainiwa na kikundi kidogo huku chifu wao mkuu John Ross hayupo na serikali yao haijakubali. Wacherokee maelfu wakasaini barua ya kupinga. Seneti ikaupitisha kwa kura moja tu juu ya theluthi mbili. 1838 jeshi la Jenerali Winfield Scott likaenda nyumba kwa nyumba, watu wanatolewa mezani, wanarundikwa kambini, halafu safari ya kwenda magharibi ng'ambo ya Mississippi, wengi wao wakitembea majira ya baridi. Walikuwa kama 16,000, makadirio ya kawaida ni kwamba 4,000 walikufa. Aliyekuwa ikulu siku hizo ni Van Buren, ila mpango ni wa nani tunajua.

Kwa hiyo mtu wa watu sawa, ila orodha ya watu aliiandika yeye na wenzake.

MwanaUkerewe:

Duh. Chumvini umenikata maini. Lakini si nasikia Mahakama ya Juu iliwapa ushindi Wacherokee na Jackson akasema jaji katoa hukumu yake basi aje aitekeleze mwenyewe? Hapo si amevunja sheria waziwazi?

Mama_Shule:

Hayo maneno yanarudiwa sana, lakini yalianza kuandikwa miaka mingi baadaye Jackson keshazikwa, kwa hiyo usiyatie kwenye insha yako kama kauli yake. Alichoandika kweli kwenye barua kwa rafiki yake John Coffee ni kwamba ile hukumu imezaliwa mfu.

Kisheria ilikuwa hivi. Mmisionari Samuel Worcester alifungwa na Georgia kazi ngumu miaka minne kwa kukaa nchi ya Wacherokee bila kibali cha jimbo. Machi 1832 Jaji Mkuu John Marshall akasema sheria za Georgia hazina nguvu mle, mwachieni. Georgia wakakaa kimya. Mahakama ilikuwa imeshafunga kikao mpaka mwaka unaofuata kwa hiyo hakukuwa na amri iliyofika mezani kwa rais ya kwamba tuma askari leo. Jackson hakukataa kutekeleza, alikaa tu akaangalia, na kila mtu alijua anaangalia, kisha Januari 1833 gavana akamuachia Worcester kwa msamaha na jambo la jela likaisha. La ardhi likabaki pale pale. Mimi naona kukaa kimya kwake kulikuwa kubaya kuliko hiyo kauli ya kubuni.

Babu Njiti:

Chumvini sikupingi kwenye Wacherokee, hakuna wa kulitetea lile. Ila nataka uniambie kitu kimoja kuhusu South Carolina, maana hapo ndio utaona huyu mzee hakuwa mtu wa kusini tu anayelinda wenye mashamba.

Novemba 1832 South Carolina wakatangaza kwamba ushuru wa forodha wa 1828 na 1832 ni batili ndani ya jimbo lao, na serikali kuu ikitumia nguvu wanajitoa kwenye Muungano. Nyuma yake yuko John Calhoun, ambaye alikuwa Makamu wa Rais wa Jackson mwenyewe! Desemba 10 Jackson akatoa tamko, akawaambia jimbo haliwezi kuifuta sheria ya nchi likabaki ndani ya nchi, na kwamba kujitoa kwa silaha ni uhaini. Calhoun akajiuzulu mwezi huo huo. Machi 1833 bunge likampa Jackson sheria ya kutumia jeshi, na siku hizo hizo likapunguza ushuru taratibu ili kila mtu aondoke na heshima. South Carolina wakarudi nyuma. Lincoln mwaka 1861 alipokuwa anaandaa hotuba yake ya kuapishwa lile tamko la Jackson alikuwa nalo mezani.

Sasa hapo rais mwenye nguvu ulimtaka au hukumtaka?

Chumvini:

Nilimtaka. Na ndio maana inaniuma. Mwaka ule ule mmoja Georgia wanaidharau Mahakama ya Juu, anawaacha. South Carolina wanaudharau ushuru, anawatishia jeshi. Uwezo alikuwa nao.

Kasuku254:

Chai imeisha nimerudi na swali la kizushi. Hii kazi ya kupeana vyeo si ndio yeye aliianzisha? Kwetu tunaijua vizuri sana hiyo, mkubwa akiingia watu wake wanaingia na yeye mpaka kwa mlinda lango.

Babu Njiti:

Hakuianzisha ila yeye ndiye aliyeipa jina zuri. Alisema kazi za serikali ni nyepesi, mtu yeyote mwenye akili timamu anaweza kuzifanya, kwa hiyo kumuacha mtu mmoja ofisini miaka 20 ni kumtengenezea urithi wa familia. Ukisikia hivyo unasema mbona ni haki. Mwaka na nusu wa kwanza alitoa kama mmoja kati ya kumi, sio wengi kama hadithi zinavyosema, wengine walikuwa wezi kweli. Ila 1832 Seneta Marcy wa New York akasema bila aibu kwamba aliyeshinda vita nyara ni zake, na tangu hapo vyama vyote vikafuata.

Muulize Samuel Swartwout. Huyu alimpigia Jackson kampeni, akapewa ukusanyaji ushuru wa forodha bandari ya New York, mahali penye hela kuliko popote, Van Buren akamuonya rais kwamba huyu jamaa hafai kukaa karibu na sanduku, hakusikilizwa. 1838 Swartwout akaenda Ulaya, wakakagua hesabu wakakuta zaidi ya dola milioni 1.2 hazipo.

Kasuku254:

1838?? Milioni 1.2 ya wakati huo?? Wacha niende kulala.

Nahodha wa Malindi:

Assalaam aleikum ndugu zangu. Nichomekee kidogo la huku kwetu Unguja kwa sababu naona hakuna aliyeligusa. Serikali hiyo hiyo ya Jackson ndiyo iliyofunga mkataba na Sayyid Said. 1832 walimtuma mfanyabiashara mmoja wa Portsmouth, New Hampshire, anaitwa Edmund Roberts, ambaye alishafika Unguja huko nyuma akaonana na Sayyid. Safari ilifanywa ya siri, kwenye meli ya kivita Peacock aliorodheshwa kama karani wa nahodha kumbe mfukoni ana barua za rais. Mkataba ukasainiwa Maskati Septemba 21, 1833, ushuru asilimia 5 na Wamarekani wafanye biashara bandari zote za Sayyid. 1837 akaja balozi mdogo wao kukaa Unguja, Richard Waters, mtu wa Salem.

Na bidhaa yao kubwa ilikuwa ni nguo, merikani, jora kwa jora, ikienda mpaka bara kubadilishwa na pembe. Pamba ya viwanda vile vya Massachusetts ilitoka kusini, na mashamba mapya ya pamba ya Georgia, Alabama na Mississippi ndiyo hayo yaliyokuwa ya hao watu anaowasema ndugu Chumvini. Huku wazee wetu wanaipima kwa mikono hawajui imetokea wapi.

MwanaUkerewe:

Wa aleikum salaam Nahodha, hili sikulijua kabisa. Basi la mwisho wakuu niwaachie mlale. Benki ilikufa, sawa. Uchumi ulikuwaje baada ya hapo, na hao wapinzani waliomchora na taji walipoingia wao madarakani walizirudisha nguvu za bunge?

Mama_Shule:

Uchumi kwanza ulipaa. Januari 1835 deni la taifa lilikwisha lote, kitu ambacho hakijatokea tena. Lakini zile benki zilizopewa fedha za serikali, kufikia 1836 zilikuwa kama 90, zikakopesha ovyo, watu wakanunua ardhi ya magharibi kwa makaratasi, Julai 1836 Jackson akastuka akaamuru ardhi ya serikali ilipiwe dhahabu au fedha tu, mambo yakaanza kubana. Yeye akaondoka Machi 4, 1837, na Mei 10 benki za New York zikasimamisha kubadilisha noti kwa sarafu. Mzigo wote ukamwangukia Van Buren. Wanaomlaumu Jackson peke yake wanasahau bei ya pamba na mabenki ya London, ila hakuna mtu aliyekuwa amebaki wa kuzuia, Benki ilishapoteza kazi yake.

Sasa hao wapinzani, chama chao kiliitwa Wawigi (Whig). Jina lenyewe walichagua la wapinga mfalme wa Uingereza. Ila 1840 waliamua kushinda kwa mbinu za Jackson. Wakamchukua William Henry Harrison, jenerali mzee, mtoto wa familia kubwa ya mashamba Virginia, wakamuuza kama mtu wa kibanda cha magogo na pombe ya tufaha, wakavizungusha vibanda vya magogo mitaani kwa mikokoteni, nyimbo, maandamano, pombe za bure. Wenye haki ya kupiga kura karibu 80 kwa mia walijitokeza. Harrison 234, Van Buren 60. Akaapishwa akaahidi muhula mmoja na kwamba veto hataitumia ovyo, Clay Seneti anakunja mikono ya shati anajua sasa bunge ndio linatawala na benki inarudi.

Mwezi mmoja tu Harrison kafa, Aprili 4, 1841. Hakuna rais aliyewahi kufia madarakani kabla yake, watu hawajui hata makamu anakuwa rais kamili au anashikilia tu. John Tyler akasema mimi ni rais kamili, akala kiapo. Clay akapeleka mswada wa benki, Tyler akapiga veto Agosti. Usiku watu wa chama chake mwenyewe wakaja nje ya ikulu kumzomea. Wakautengeneza upya wakaurudisha, akapiga veto tena Septemba. Mawaziri wote wakajiuzulu isipokuwa Daniel Webster, chama kikamfukuza rais wao, naye akaendelea kukaa ikulu mpaka 1845 hana chama, ana veto.